Kuingia Wengi, Kutoka Wote: Somo la Matembezi ya Siku Moja katika Msitu wa Kakamega

Kila mwisho wa juma, na zaidi wakati wa likizo za shule, makundi ya vijana, vyama vya akina mama, wanafunzi na waumini huenda kutembea katika Msitu wa Kakamega. Wengi hurudi wakiwa na furaha na picha nyingi kwenye simu. Wachache hurudi wakiwa wamechelewa, wamelowa na wana hofu, kwa sababu mwenzao mmoja hakuonekana kwa saa nzima au zaidi. Somo hili linahusu jambo moja tu: namna ya kuhakikisha kwamba watu wote walioingia msituni asubuhi wanatoka pamoja, kabla ya mvua ya alasiri.

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

- kueleza kwa nini kundi hukatika njiani;
- kukadiria muda wa safari na kupanga saa ya kugeuka;
- kugawa kazi tatu muhimu katika kundi;
- kujua la kufanya radi inapoanza, mtu anapokosekana au anapoumia.

Msitu wenyewe

Msitu wa Kakamega ni mabaki ya upande wa mashariki wa ule msitu mkubwa wa mvua wa Afrika ya Kati na Magharibi. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, penye lango la Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa, nayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, penye kituo cha Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Wageni hupenda kupanda vilima vya Buyangu na Lirhanda ili kuona msitu kutoka juu, na wengine huenda kuona maporomoko ya Mto Isiukhu.

Tembo na nyati walitoweka msituni humu zamani, na ndiyo sababu watu huweza kutembea kwa miguu. Watakaowaona ni mbega, kima, hondohondo na vipepeo wa kila rangi. Kwa hiyo wageni wengi huingia wakidhani kwamba hakuna la kuhofia. Hatari iliyopo ni ya namna nyingine. Miti ni mirefu na majani yake yamefungana juu, hivyo mtu haoni jua liko wapi. Vijia hufanana. Sauti haifiki mbali, kwani majani huimeza. Hatua 50 tu kutoka kwa wenzake, mtu anaweza kuita na asisikike vizuri.

Mfano wa kundi la watu 18

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya somo, lakini kila jambo lililomo huweza kutokea.

Kundi la watu 18 limepanga matembezi. Kuna vijana 9, akina mama 4, wazee 2 na watoto 3. Walikubaliana kuanza saa mbili asubuhi, ila matatu ilisubiri waliochelewa, wakaingia msituni saa nne na nusu. Hakuna aliyewahesabu langoni, kwa kuwa kila mmoja alijua waliokuja.

Baada ya kilomita mbili, vijana 5 walitangulia. Walifika njia panda, wakapumzika kidogo, kisha wakashika kijia cha kushoto. Mama mmoja aliyekuwa nyuma na wazee alifika hapo robo saa baadaye. Aliona nyayo upande wa kulia, akaongoza waliobaki huko. Hawakujua kwamba nyayo zile zilikuwa za watu wengine.

Saa nane alasiri walio nyuma walifika kilimani, wakakuta hakuna mtu. Walipiga simu, haikushika mtandao. Wengine walisema vijana wamekwisha kurudi, wengine walisema wasubiriwe. Wakati wanabishana, ngurumo ilisikika. Mvua ilipoanza, waliteremka mbio, na mzee mmoja akateleza na kuteguka kifundo cha mguu. Wale vijana 5 nao walitokea jioni kwenye ukanda wa majani chai wa Nyayo, upande mwingine kabisa wa msitu, giza likiwa karibu kuingia. Wenyeji waliokuwa wakitoka kazini ndio waliowaelekeza barabarani.

Hakuna aliyefariki katika mfano huu. Hata hivyo, inafaa kutazama kwamba hakuna mtu aliyefanya kosa moja kubwa. Yalikuwa makosa madogo manne: kuchelewa kuanza, kutohesabiana, kutosubiriana njia panda, na kutokuwa na saa ya kugeuka. Kila kosa peke yake lingesameheka. Yalipokutana siku moja, yakawa shida.

Kwa nini kundi hukatika

Watu hudhani kundi hukatika kwa sababu walio nyuma ni wavivu. Sivyo. Kundi hukatika kwa sababu ya namna walio mbele wanavyopumzika. Wenye kasi hufika mahali, huketi, hunywa maji, na mara tu wa mwisho anapotokea, wao huinuka na kuendelea. Hivyo mwenye nguvu amepumzika dakika kumi, naye aliyechoka hajapumzika hata moja. Hilo likitokea mara nne au tano, pengo hukua na aliyechoka huanza kuteleza na kujikwaa.

Dawa yake ni kanuni mbili. Kwanza, mapumziko huanza kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapoketi. Pili, mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wa mwisho. Kundi lisiloweza kuvumilia mwendo huo ligawanywe mapema, langoni, liwe makundi mawili yenye viongozi wawili na njia mbili zinazojulikana. Lisigawanyike lenyewe katikati ya msitu.

Kuna jambo jingine la adabu. Mzee hatasema amechoka mbele ya wajukuu. Kiongozi akiuliza, "Mzee, umechoka?" jibu litakuwa "La, twende." Ni afadhali aseme, "Mzee, tuketi hapa kidogo tunywe maji," kisha aketi yeye kwanza. Mtoto naye hasemi kiu mpaka imemzidi. Kwa hiyo maji hunywewa kwa saa iliyopangwa, si kwa kuombwa.

Hesabu ya muda

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika duniani kote. Kwa vipimo vya leo, mtu mwenye afya huhesabiwa saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko, na ilikusudiwa watu wenye nguvu kwenye njia nzuri. Kundi lenye wazee na watoto, kwenye udongo unaoteleza, liongeze nusu ya muda huo, kisha liongeze mapumziko.

Chukulia njia ya kilomita 12 kwenda na kurudi, yenye jumla ya mita 300 za kupanda:

- kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa: saa 2 na dakika 24;
- mita 300 za kupanda: dakika 30;
- jumla: saa 2 na dakika 54;
- nyongeza ya nusu: saa 1 na dakika 27;
- mapumziko na chakula: saa 1;
- muda wote: saa 5 na dakika 21.

Kundi likianza saa mbili asubuhi, litatoka saa saba na dakika 21 mchana. Likianza saa nne na nusu, kama lile la mfano, litatoka karibu saa kumi alasiri. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, mara nyingi pamoja na radi. Aidha jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na chini ya miti mikubwa giza hutangulia kuingia.

Baada ya hesabu, kundi lichague saa ya kugeuka. Kwa safari hii ni saa tano kamili asubuhi. Saa hiyo ikifika, kundi hugeuka popote lilipo, hata kama kilele kinaonekana. Saa hii itangazwe langoni mbele ya wote. Ikipangwa wakati watu wametulia, haitageuzwa na wawili watatu wenye hamu ya kupiga picha. Kilima hakihami, na watu wanaweza kurudi siku nyingine.

Kazi tatu katika kundi

*Wa mbele.* Huyu anaijua njia, na kama hakuna anayeijua, ni mwongozaji wa msitu. Waongozaji wenyeji hupatikana Buyangu na Isecheno, nao wanajua vijia, miti na mahali pa hatari. Hakuna apitaye mbele yake. Kila njia panda husimama mpaka wote wafike.

*Wa nyuma.* Awe mtu mzima, mvumilivu na mwenye nguvu za kutosha kumbeba mtoto ikihitajika. Hakuna abakiye nyuma yake. Anayetoka njiani kwenda haja humjulisha, na huacha mkoba wake kando ya kijia upande alioingia. Wa nyuma hubaki hapo hapo mpaka mtu huyo arudi.

*Mwenye hesabu.* Ana orodha ya majina, nambari za simu za jamaa, na maelezo ya anayetumia dawa za pumu, kisukari au kifafa. Huhesabu langoni, kila njia panda, kila baada ya mapumziko na baada ya kuvuka kijito. Njia rahisi ni kila mtu kupewa nambari na kuitaja kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi na nane. Nambari isipoitikiwa, hakuna anayepiga hatua.

Nakala ya orodha, njia iliyochaguliwa na saa ya kurudi iachwe langoni na kwa mtu mmoja nyumbani. Mtu huyo aambiwe wazi: "Tusipopiga simu kufikia saa kumi, wajulishe askari wa msitu."

Mkoba wa siku

Kila mtu abebe maji lita 2. Maji ya mto yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa, hata yakionekana safi. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika misitu na hifadhi nchini, kwa hiyo maji yabebwe katika chupa ya kudumu, si chupa za dukani. Chakula kisichoharibika haraka ndicho bora: viazi vitamu vya kuchemsha, njugu, ndizi na mayai.

Vingine ni koti la mvua, sweta, filimbi, tochi, simu iliyojaa chaji, na viatu vyenye meno. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi huzuia siafu na kupe. Mikono mirefu hupunguza kuumwa na mbu, kwani ukanda huu una malaria. Katika kila kundi kuwe na mkoba mmoja wa huduma ya kwanza wenye bandeji pana, chachi, glavu na dawa ya kusafisha vidonda.

Radi inaponguruma

Mwanga wa radi huonekana papo hapo, lakini sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde 3 hivi. Kwa hiyo mwanga unapoonekana, mwenye hesabu aanze kuhesabu sekunde. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30, radi iko umbali wa chini ya kilomita 10 na inaweza kupiga mahali walipo. Kundi liondoke kilimani mara moja, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia.

Mahali salama ni ndani ya jengo imara au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Yasipokuwepo, watu wakae penye miti mifupi inayolingana, mbali na mti mmoja mrefu, mbali na maji na mbali na ua wa waya. Waachane hatua kadhaa, wachuchumae miguu ikiwa pamoja, wasilale chini. Safari iendelee dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Wapo wanaoogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Hofu hiyo imegharimu maisha. Mwili wake haubaki na umeme, na kumgusa hakuna madhara. Kama hapumui, aanze kusukumwa kifua mara moja na anayejua, huku wengine wakitafuta msaada.

Baada ya mvua, kijito kilichovukwa asubuhi kwa urahisi huweza kujaa kwa muda mfupi. Maji yakiwa ya rangi ya udongo na yana kasi, kundi lisubiri yapungue au lipite njia nyingine. Wasishikane mikono kuvuka.

Mtu akikosekana

Nambari isipoitikiwa, hatua ni hizi:

1. Kundi lote lisimame. Muda uandikwe, na mahali alipoonekana mara ya mwisho patajwe.
2. Filimbi ipulizwe mara tatu, kisha watu wanyamaze dakika moja na kusikiliza. Irudiwe.
3. Watu wawili pamoja, kamwe si mmoja, warudi hadi njia panda ya mwisho na kurejea kwa muda waliopewa.
4. Asipopatikana katika dakika 30, askari wa msitu wajulishwe. Nambari za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Simu isiposhika, ujumbe mfupi huweza kupita, hasa kutoka mahali pa juu ikiwa hakuna radi.

Anayepotea naye ana kazi moja: asimame. Anayeendelea kutembea hutoka mahali anapotafutwa. Akae kando ya kijia, apulize filimbi mara tatu kila baada ya dakika chache, na atunze chaji ya simu. Watoto wafundishwe hili langoni, na kila mmoja avae filimbi yake shingoni.

Jeraha na nyoka

Msituni humu wamo nyoka wenye sumu, akiwemo kifutu wa Gaboni, ambaye rangi yake hufanana na majani makavu anamolala. Watu watembee katikati ya kijia, watazame kabla ya kuketi juu ya gogo, na wasitie mkono penye shimo. Handaki la zamani la wachimba dhahabu kilimani Lirhanda lina popo, nalo lisiingiliwe.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, mguu au mkono ufungwe kwa kijiti usisogee, kisha abebwe. Asitembezwe. Pasikatwe, pasinyonywe, pasifungwe kamba ya kukaza, na pasiwekwe jiwe jeusi. Saa ya kuumwa iandikwe na mgonjwa afikishwe hospitali haraka. Nyoka asifuatwe wala asiuawe.

Heshima kwa msitu

Malipo ya kuingia hifadhi ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, kwa hiyo kiongozi ayakamilishe kabla ya kufika langoni. Taka zote hurudi na mwenyewe. Kima wasilishwe, maana aliyezoea chakula cha watu hunyang'anya mikoba ya watoto. Moto usiwashwe, na magome ya miti yasibanduliwe. Muziki wa sauti kubwa huwafukuza wanyama na pia huzuia filimbi kusikika.

Zoezi

Swali la 1. Kundi la shule lina njia ya kilomita 8 yenye mita 300 za kupanda. Likianza saa mbili na nusu asubuhi, likiongeza nusu ya muda na saa moja ya mapumziko, litatoka saa ngapi?

Swali la 2. Mwanga wa radi umeonekana, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 12. Radi iko umbali gani, na kundi lifanye nini?

Swali la 3. Katika mfano wa watu 18, ni mahali gani ambapo kuhesabiana kungezuia yaliyofuata?

Majibu. La 1: saa 1 na dakika 36, pamoja na dakika 30, ni saa 2 na dakika 6. Nyongeza ya nusu ni saa 1 na dakika 3, na mapumziko saa 1. Jumla ni saa 4 na dakika 9, hivyo watatoka saa sita na dakika 39 mchana. La 2: kilomita 4 hivi, na kundi literemke na kutafuta mahali salama mara moja. La 3: njia panda. Wale 5 wangesubiri, nambari zingeitwa, na wote 18 wangeshika kijia kimoja.

Viongozi wa vyama, walimu na wazazi wanahimizwa kulisoma somo hili pamoja na watu wao siku moja kabla ya safari. Mwisho wa matembezi, mwenye hesabu asimame tena langoni na kuita nambari kuanzia moja. Safari imekwisha pale nambari ya mwisho inapoitikiwa.